Nyasi za preri au nyasi za kwetu: ipi ipandwe wapi, Unguja na Pemba

Mdogo wangu ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba vitano na baraza moja la makuti linalotazama bahari. Siku moja alinitumia picha kwenye simu. Njia ya mawe, na kila upande nyasi zimesimama shina shina, zimefika kiunoni, rangi yake kama shaba iliyosuguliwa kwa ndimu, na juu vishada vyeupe vimepenywa na jua la jioni. Chini yake ameandika: "Dada, nataka majani haya. Yanapatikana wapi?"

Wiki ile ile Shangazi akapiga simu kutoka Mkoani, Pemba. Yeye hakutaka pambo. Mteremko ulio nyuma ya jiko lake unakatika kila masika, na safari hii umeondoka na mgomba pamoja na kipande cha ukuta wa choo. "Mwanangu, wewe uliyesomesha kilimo, nipande nini pale nilale?"

Nikaona hawa wawili wanauliza jambo moja. Wote wanataka nyasi ya shina, inayosimama mahali pake miaka kadhaa, haitambai kama ukoka na haitaki kupandwa upya kila msimu. Tofauti ni kazi wanayoitakia. Na mimi mwenyewe nina ua Tunguu wenye kona tupu. Basi nikakaa nikazilinganisha, zile za kwenye picha na zile tunazoweza kuzipata huku, na haya ndiyo niliyoyafikia.

Kilichomo ndani ya picha

Zile nyasi ni blustemu ndogo (Schizachyrium scoparium), mojawapo ya nyasi za preri, yaani mbuga za nyasi za katikati ya Marekani ambazo zamani zilitanda kutoka Kanada mpaka Texas. Nimeziona kwa macho yangu. Binti yangu anaishi Kansas, na mwaka niliokwenda kumtazama ilikuwa mwezi wa Oktoba, akanipeleka Flint Hills, vilima ambavyo plau ilivishindwa kwa sababu ya mawe ya chokaa na gumegume. Kwengine kote preri ya nyasi ndefu imelimwa mahindi, ngano na soya. Iliyosalia haifiki asilimia 4 ya ile ya asili. Ndiyo maana wenye bustani wa kule wanaipanda majumbani mwao kwa mapenzi makubwa. Wanairudisha nyumbani kwake.

Nilichuma bua moja nikaliangalia. Chini lilikuwa na ubuluu hafifu, katikati zambarau, juu wekundu wa shaba. Mbegu zake zina vinywele vyeupe laini kama pamba ya msufi, na ndivyo hivyo vinavyong'ara jua likipita nyuma yake. Jioni nilikuta vingine vimenasa kwenye upindo wa baibui, nikavitoa kimoja kimoja kabla ya kufunga sanduku.

Sasa, rangi ile inatoka wapi? Inatoka kwenye baridi. Usiku wa Oktoba kule unakaribia nyuzi sifuri, na nyasi ikihisi hivyo inaurudisha ukijani na chakula chake chini mizizini, majani yanabaki na rangi ya shaba, kisha inalala. Inalala miezi mitano na zaidi, theluji juu yake, na macho ya kuchipukia yamejificha chini ya udongo. Joto la Aprili na Mei ndilo linaloiamsha. Mwaka wake wote umepangwa juu ya usingizi huo.

Kwetu usiku wa kipupwe, hata ule wa Julai ambao watu wa Makunduchi wanajifunika shuka mbili, ni nyuzi 20 hivi. Blustemu ndogo ikifika hapa haitopata wa kumwambia "lala". Kwa hivyo ile shaba aliyoipenda mdogo wangu hainunuliki pamoja na mche. Atapanda nyasi ya rangi ya shaba, atapata nyasi ya kijani inayokauka ovyo ovyo.

Kuna jambo la pili, nalo linawagusa zaidi wanaosema "lakini zipo zinazostahimili joto". Ni urefu wa mchana. Kansas mwezi wa Juni mchana unakaribia saa 15, na Disemba unashuka mpaka saa 9 na nusu. Unguja, kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haupitani hata kwa saa moja. Nyasi nyingi za preri zinasoma saa kwa kutumia usiku: usiku ukianza kurefuka, zinajua wakati wa kutoa maua umefika. Swichigrasi (Panicum virgatum) ndiyo iliyochunguzwa zaidi kwa jambo hili, kwa sababu Wamarekani walitaka kuilima kwa ajili ya nishati. Wakiichukua ile ya kaskazini na kuipanda kusini, inatoa maua mapema na kubaki fupi. Sasa fikiri kuileta huku, ambako usiku ni wa saa 12 mwaka mzima. Mmea unaambiwa "zaa" ungali mtoto.

Hata hivyo sitaki kuidhulumu swichigrasi. Kati ya nyasi zote za preri, kama kuna moja ya kujaribiwa Zanzibar, ni hiyo. Asili yake haikomei kwenye baridi. Inashuka mpaka Meksiko na Amerika ya Kati. Iko ya aina mbili kubwa, ya nyanda za juu na ya mabondeni, na ile ya mabondeni ya kusini imezoea joto, unyevu na hata udongo unaotuama maji kwa muda. Inafika mita mbili na kupita, mizizi yake inaweza kushuka mita tatu, na inavumilia chumvi kiasi. Vishada vyake ni vyepesi kama moshi. Anayetaka kujaribu na ajaribu hiyo, wala asihangaike na blustemu.

Nyengine niliyoipenda kule ni dropsidi ya preri (Sporobolus heterolepis), nyasi fupi, laini kama nywele zilizochanwa, na ikichanua inanukia kwa mbali kama giligilani. Lakini inachukua miaka mitatu mpaka mitano kukomaa hata kwao. Simshauri mtu wa huku aingoje. Jina hilo la Sporobolus, lakini, likumbuke, maana ndugu yake yuko ufukweni kwetu.

Udongo wa nani?

Watu wakilinganisha mimea huanza na maua. Mimi naanza na mtaimbo.

Nenda Jambiani, Paje au Makunduchi, piga chini. Mara ya kwanza unasikia kichanga, mara ya pili unasikia jiwe linaitika. Hayo ni maweni, jiwe la matumbawe ya kale, na udongo umejaa kwenye mashimo yake kama uji kwenye kata. Maji hayatuami, na chokaa ni nyingi. Njoo magharibi, Tunguu kwenda Dole na Kizimbani, unapata kinongo, udongo mwekundu wenye kina, na mabondeni kinamo kinachoshika maji. Pemba upande wa magharibi ni vilima na mabonde mfululizo, udongo una kina kirefu, na mvua ni nyingi kuliko Unguja. Pale adui si ukame, ni maji yanayoshuka.

Hapa preri inapata sifa yake moja ya haki. Blustemu ndogo inapenda udongo maskini, mkavu, wenye chokaa. Ukiipa kinongo na samadi inarefuka, inalainika, halafu inalala chini kama mgonjwa. Kwa udongo peke yake, Jambiani ingeifaa kabisa. Kinachoikataa ni kalenda yetu: masika yenye joto na unyevu, kisha hakuna baridi ya kuipumzisha. Nyasi inayozoea kukaa kavu wakati imelala haipendi kulowana kitakoni mwezi mzima.

Vetiva na mchaichai, ambazo watu huzichanganya

Zikiwa changa, ukizisimamisha pamoja, mtu anayepita njiani hawezi kuzitofautisha. Zote mbili zinatoka shina shina, majani marefu membamba, kijani kilichofifia. Lakini zinafanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Vetiva (Chrysopogon zizanioides) asili yake ni Bara Hindi. Uzuri wake wote uko chini. Mizizi yake haitandai kwenda pembeni kuwanyang'anya majirani chakula. Inashuka wima kama kamba ya ndoo kisimani, mita tatu na hata nne udongo ukiiruhusu. Ukizipanda karibu karibu kwenye mstari, baada ya msimu mmoja au miwili zinashikana na kuwa ukuta hai. Maji ya mvua yakishuka na tope yanafika pale, yanapunguza mwendo, yanaacha tope nyuma ya mstari na kupita yakiwa mepesi. Polepole nyuma ya mstari panajaa na kuwa kama ngazi. Kwa Shangazi sikufikiri mara mbili.

Namna ya kuipanda ndiyo inayoharibiwa na wengi. Mstari lazima ukate mteremko, uwe sawa kwa sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Ukishuka hata kidogo upande mmoja, maji yatakimbilia huko na kuchimba mfereji. Mimi nilitumia miti mitatu niliyoifunga ikawa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Kamba ikikaa katikati ya mti wa kati, miguu miwili iko sawa, unachomeka kijiti, unahamisha mguu, unachomeka kingine. Mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kipando kimoja ni machipukizi mawili au matatu, majani yamekatwa yabaki shubiri moja, mizizi imepunguzwa, kisha unakitia kwenye mfereji mdogo, sentimita 10 mpaka 15 kutoka kwa mwenzake. Usiwe mchoyo wa vipando. Mstari wenye mapengo haufai, maana maji huliona pengo kabla yako. Panda masika yanapoanza, si yanapomalizika, na ukishapanda kata majani mara mbili au tatu kwa mwaka kwa kimo cha magoti au chini kidogo, ili shina litanuke. Majani yaliyokatwa ni matandazo mazuri ya migomba, na yakiwa machanga ng'ombe wanayala.

Aibu yake ni kivuli. Chini ya mkarafuu au mwembe inapungua nguvu na mstari unatoboka. Na kwenye maweni matupu haina pa kushushia mizizi, kwa hivyo sifa yake kubwa inapotea.

Sasa nieleze jambo lililonikera. Miaka kadhaa nyuma nilinunua vipando mia mbili vya "vetiva" kwa muuzaji mmoja wa miche. Nikavipanda ukingo wa mtaro Tunguu kwa uangalifu wote. Baada ya miezi minane vikatoa mbegu, mbegu zikaingia mtaroni, masika yaliyofuata majani yale yalikuwa yameota mpaka kwa jirani, nami nikashinda kuyang'oa na kuomba radhi. Haikuwa vetiva. Vetiva inayopandwa kwa kazi hii haizai mbegu zinazoota. Inaongezwa kwa kupasuliwa shina tu. Basi kabla hujalipa, mwambie muuzaji ang'oe shina moja mbele yako. Osha mzizi, uvunje, unuse. Mzizi wa vetiva una harufu nzito ya udongo uliolowa, yenye utamu wa mbali kama kitu kilichokaa pamoja na udi. Ndiyo hiyo inayotiwa kwenye manukato. Kisha pekecha jani. Likinukia ndimu, umeshika mchaichai. Mzizi usiponukia kitu na shina likawa linatambaa pembeni, rudi nyumbani na pesa zako.

Mchaichai (Cymbopogon citratus) hauhitaji kutambulishwa kwa Mzanzibari. Uko karibu na mlango wa jiko, unakatwa kwa kisu, unafungwa fundo, unatupwa kwenye birika. Ninachotaka kusema ni pale watu wanapoutwisha mzigo usio wake. Mizizi yake ni mingi lakini iko juu juu. Inashika vumbi la juu lisiondoke, haishiki kilima. Nimeona mteremko umekatika na shina zima la mchaichai likashuka nalo, limesimama vile vile, majani hata hayakuvunjika.

Kwa pambo unafaa kuliko watu wanavyodhani. Shina moja lililokomaa linafika mita moja na zaidi, linafunguka kama chemchemi, na upepo wa kusi ukivuma unalilaza lote upande mmoja kisha linainuka. Lakini maua hayatoki ila kwa nadra, kwa hivyo anayetaka vishada vya kupepea hatovipata. Na makali yake! Mpasue mchaichai bila ya kufunga mikono uone. Mimi huvaa shati la mikono mirefu, naling'oa shina zima baada ya mvua, naligonga kitako kwa jembe mara moja tu likapasuka mapande mawili, halafu naendelea kwa mikono. Kila kipande kinapochanika harufu ya ndimu inapanda mpaka machozi yanatoka. Fanya hivyo kila baada ya miaka mitatu au minne, maana ukiuacha katikati pananyauka na shina linajiinua juu ya udongo.

Wengine wanaupanda wakisema unafukuza mbu. Mafuta yake yana nguvu hiyo kiasi, lakini mafuta hayatoki mpaka jani lipondwe. Shina lililosimama kimya uani haliwasumbui mbu.

Kwa aliye Mji Mkongwe, mwenye ua wa sakafu au kibaraza cha juu tu, sioni cha kulinganisha: mchaichai ndani ya ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mahali penye jua nusu siku. Vetiva kwenye ndoo ni kuionea.

Nyasi-mkia, na mzunguko wake wa ajabu

Nikirudi kwa mdogo wangu: yeye anataka kitu kinachopepea. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, si jina la Kansas. Na kinachopepea tunacho.

Kuna nyasi ya shina ambayo mimi naiita nyasi-mkia (Pennisetum setaceum, wataalamu wa sasa wanaiita Cenchrus setaceus), vishada vyake virefu laini kama mkia wa paka. Asili yake ni Afrika ya Kaskazini na Mashariki na Bara Arabu. Ile ya kijani inazaa mbegu nyingi mno. Wamarekani waliipeleka Hawaii kwa pambo, ikatoroka bustanini, ikafunika nyanda za mawe ya volkano na kuleta moto mahali ambapo zamani hapakuwa na cha kuungua. Sasa wanaipiga vita. Kwa hivyo hiyo ya kijani siipandi na simpi mtu.

Lakini iko nyekundu, ya zambarau iliyoiva kama zambarau zinazodoa midomo, ambayo mbegu zake hazioti ila kwa nadra sana. Inaongezwa kwa kupasua shina. Inafika mita moja hivi, inataka jua tupu, inastahimili ukame ikishashika, na haipendi maji kutuama. Baridi ndiyo inayoiua. Na hapa ndipo nilipostaajabu. Nilipokuwa kwa binti yangu, nyumba ya tatu kutoka kwake kulikuwa na nyasi hii hii mlangoni, kwenye vyungu viwili. Nikamuuliza mwenyewe, bibi mmoja mkarimu, inadumu miaka mingapi. Akasema hainusuriki hata mmoja: kila mwaka, baridi ikipita, ananunua mipya, na kila Oktoba au Novemba baridi inaimaliza. Kwao nyasi hii ni ua la msimu. Kwetu ni mti wa kudumu. Wao wanaililia yetu kama sisi tunavyoililia yao, isipokuwa yetu tunaweza kuwa nayo mwaka mzima bila ya kumuomba mtu theluji.

Ukiweka blustemu ndogo mkono mmoja na nyasi-mkia nyekundu mkono mwengine kwa ajili ya ukingo wa njia Jambiani, basi: kimo ni karibu sawa, mwendo kwenye upepo, nyasi-mkia inaishinda, rangi, ya blustemu inahitaji baridi na ya nyasi-mkia inahitaji jua tu. Blustemu inaishi miaka mingi zaidi kwao bila ya kuguswa. Nyasi-mkia utaikata chini mara moja kwa mwaka na kuipasua kila miaka miwili au mitatu. Kazi ipo, ila ni kazi ya asubuhi moja.

Mbele zaidi, pale bahari inaporusha chumvi, hata nyasi-mkia siiamini. Pale nilimwambia aache kile kijani kifupi kigumu kinachoota chenyewe kwenye mchanga juu kidogo ya mstari wa maji makuu. Hiyo ni Sporobolus virginicus, ndugu wa dropsidi ya preri niliyoitaja. Inatambaa, haisimami shina shina, na vishada vyake ni vyembamba kama sindano za kushonea kofia. Si nyasi ya kupigia picha. Lakini inakunywa chumvi na kuushika mchanga, na vibarua wake walikuwa wanaing'oa kila wiki ili ufuo "uwe safi", halafu analalamika mchanga unaondoka.

Makuti

Jambo hili sijaliona likitajwa popote watu wanapozungumza nyasi za pambo, nalo kwetu lilitakiwa liwe la mwanzo.

Nyasi za preri zimeumbwa ziungue. Kabla ya watu kulima, moto ulipita pale mara kwa mara, wa radi au wa kuwashwa na wenyeji wa asili, na hata leo wanaozitunza zile mbuga wanazichoma kwa makusudi. Kwa kuwa macho ya kuchipukia yako chini ya udongo, nyasi haidhuriki. Uzuri wake wa miezi ya baridi ni uzuri wa mabua makavu yaliyosimama. Pale kwao, kwenye theluji, hayana neno. Sasa yaweke hatua mbili kutoka baraza la makuti, mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, na mgeni anavuta sigara.

Nyasi-mkia nayo ina makavu yake, na mchaichai pia, pale chini kwenye kitako. Kwa hivyo sheria niliyompa mdogo wangu ni kwamba nyasi yoyote ya shina ikae mbali na makuti, si chini ya hatua kumi, na kabla ya kiangazi kuanza ipunguzwe na makavu yatolewe. Vetiva ikikatwa kwa wakati inabaki mbichi zaidi kuliko zote, na hilo ni jambo jengine linaloipa uzito. Usafi huo huo wa kitako ndio unaopunguza panya, na panya wakipungua nyoka naye hana la kufuata.

Kama bado roho inataka ya preri

Zipo roho za namna hiyo, na mimi ni mmoja wao. Lakini mbegu haziletwi mfukoni. Nyasi zetu zenyewe ni fundisho: ile ya kijani ya Hawaii nimeshaisema, na majani ya Ginea, ambayo huku ni malisho tu ya ng'ombe, Texas ni gugu linalowatoa jasho. Kinachokaa kwa adabu kwao kinaweza kukosa adabu ugenini. Anayetaka kuleta aende kwanza Wizara ya Kilimo, kwa watu wa ulinzi wa mimea, aombe kibali cha kuingiza, na anayetuma kule apate cheti cha afya ya mimea. Mbegu mpya ya swichigrasi huwa imelala. Inatiwa kwenye kitambaa chenye unyevu, ndani ya friji kwa wiki mbili mpaka nne, ndipo iote vizuri. Ipandwe kwenye chungu kikubwa, na vishada vikatwe kabla ya mbegu kukomaa mpaka tabia yake ijulikane.

Mdogo wangu alikubali nyasi-mkia nyekundu. Tulizipanda vuli, mwezi wa Novemba, mashina 24, hatua moja kati ya shina na shina. Maweni yalitutesa, kila shimo lilichukua nusu saa ya mtaimbo, tukalijaza udongo wa kinongo niliouchukua Tunguu kwa gari pamoja na samadi kidogo. Kwa Shangazi tulingoja Machi. Mistari mitatu ya vetiva, vijana wa nyumbani wakashika ile herufi A, yeye amekaa kwenye kibao cha mbuzi anatuhesabia vipando. Tulipofika ukingoni karibu na mlango wa jiko vipando vikatuishia, pakabaki pengo la hatua mbili. Nikataka kurudi wiki ya pili kuliziba. Akasema lile aachiwe yeye, atatia mchaichai. Nikamwambia maji yatapita hapo. Akakubali mstari ufike mwisho, ila mchaichai ukae nyuma yake, upande wa juu, mkono ufike kutoka dirishani.

Kona yangu ya Tunguu bado tupu. Binti yangu ameniuliza fomu za kibali zinapatikana wapi, na chungu nimeshakinunua.